Pembe kwanza, ukaribu baadaye: kwa mwamuzi mpya wa besi

Mwamuzi anayeanza kusimamia besi katika mchezo wa besiboli, yaani vituo ambavyo mkimbiaji hulazimika kuvikanyaga kwa zamu, huwa na hamu moja kubwa, nayo ni kusogea karibu. Mpira umepigwa, mlinzi (mchezaji wa timu isiyopiga) ameuokota, mkimbiaji anakuja mbio, naye mwamuzi anaikimbilia besi akiamini kwamba kadiri atakavyoikaribia ndivyo atakavyoona vizuri zaidi. Kwa uzoefu wangu wa kuwafundisha waamuzi wapya, hamu hiyo ndiyo ya kuondolewa kwanza, kwa sababu katika uamuzi wa besi pembe unayotazamia ina uzito kuliko hatua zilizobaki kati yako na besi.

Tuanze na tukio la kawaida kuliko yote. Mpira wa chini unamwendea mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu, naye anaurusha besi ya kwanza. Mlinzi wa besi hiyo halazimiki kumgusa mpigaji anayekimbia. Inatosha audake mpira, mguu wake ukiwa juu ya besi, kabla mkimbiaji hajaikanyaga. Ikiwa hakuna mkimbiaji mwingine kwenye besi, wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mlinzi huyo, nje kidogo ya mstari wa pembeni. Mpira ukishapigwa, ingia uwanjani upesi na ujiweke mahali ambapo mtazamo wako unaikata njia ya mpira uliorushwa kwa nyuzi 90 hivi, mita 5 au zaidi kidogo kutoka kwenye besi. Halafu simama kabisa. Anayetazama huku akitembea, macho yake huyumba pamoja na mwili wake, na ni afadhali kusimama mita 8 ukiwa umetulia kuliko kufika mita 4 ukiwa bado unakimbia.

Ukiwa hapo, macho na masikio yagawane kazi. Ufuate mpira tangu unapotoka mkononi mwa mlinzi anayeurusha mpaka uwe na hakika kwamba umenyooka, kisha uhamishie macho kwenye besi na uyaache masikio yasikilize mpira unapoingia kwenye glavu. Mguu unauona, mlio unausikia, na ubongo unapanga kipi kimetangulia. Baada ya hapo inua macho kwenye glavu uhakikishe kwamba mpira umeshikwa kweli, ndipo utamke. Ikiwa mpira umerushwa vibaya, usiuache hata kidogo, kwa kuwa mlinzi huenda akavutwa na mguu wake ukatoka kwenye besi, au atalazimika kumgusa mkimbiaji anapopita.

Mfano ambao kila mwamuzi wa besi anapaswa kuujua ni wa tarehe 26 Oktoba 1985, katika mchezo wa sita wa fainali za Ligi Kuu ya Marekani, mjini Kansas City. Timu ya St. Louis Cardinals ilikuwa ikiongoza 1-0, na Kansas City Royals walikuwa wakipiga kwa mara yao ya mwisho. Jorge Orta wa Royals alipiga mpira wa chini, Jack Clark wa Cardinals akauokota na kumrushia mwenzake Todd Worrell, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira), aliyekimbia kuilinda besi ya kwanza. Mpira ulimfikia Worrell kabla ya Orta kukanyaga besi, lakini mwamuzi Don Denkinger alitamka kwamba mkimbiaji yuko salama, yaani hajatolewa. Royals walishinda 2-1, na siku iliyofuata wakatwaa ubingwa. Denkinger alieleza baadaye kwamba alikuwa karibu mno: Worrell ni mrefu na mpira ulikuja juu, hivyo hakuweza kuona glavu na miguu kwa wakati mmoja, na kelele za watazamaji zilimzuia kusikia mpira ukiingia kwenye glavu. Yatazame maelezo hayo kwa makini, maana yana somo zima ndani yake. Ukiwa umebanana na besi, glavu hutoka nje ya upeo wa macho yako na unabaki kutegemea sikio. Sikio nalo likishindwa, unabaki na kukisia. Hatua mbili au tatu za kurudi nyuma zingeweza kumrudishia picha nzima.

Tukio la kumgusa mkimbiaji lina kanuni yake. Hapa unatafuta uwazi kati ya glavu na mwili wa mkimbiaji, na usipouona uwazi huo unatazama mgongo tu. Sogea hadi mita 3 au 4, ukunje magoti kidogo, na ubaki ukitazama hata baada ya kugusana, kwa sababu mpira huweza kuchomoka, na mkimbiaji aliyeteleza huweza kuachana na besi kidogo wakati glavu bado iko juu yake.

Kukiwa na mkimbiaji kwenye besi ya kwanza, katika mfumo wa waamuzi wawili (mwamuzi mkuu nyuma ya mpigaji na wewe kwenye besi), unaanzia ndani, kati ya kilima cha mrushaji na besi ya pili. Ulinzi ukijaribu kuwatoa wakimbiaji wawili kwa mfululizo, amua besi ya pili, geuka pamoja na mpira, piga hatua moja au mbili kuelekea ya kwanza, kisha simama. Utaamua ukiwa karibu mita 20 kutoka kwenye besi, na wengi huogopa umbali huo bila sababu, kwani pembe yake ni nzuri sana. Kumbuka pia kwamba mpigaji akitolewa kwanza, yule anayekwenda besi ya pili halazimiki tena kusonga mbele, kwa hiyo ni lazima aguswe.

Kabla ya mchezo kaa na mwamuzi mkuu mkubaliane juu ya mguu wa mlinzi unaotoka kwenye besi ya kwanza. Yeye huifuata njia ya mpigaji kwenye mstari ikiwa hakuna wakimbiaji, na huweza kuona kilichofichwa kwako na mwili wa mlinzi. Ukiwa na shaka ya kweli, tamka uamuzi wako kwanza, kisha mwendee umuulize faraghani, na mabadiliko yoyote uyatangaze wewe mwenyewe.