Maswali ya Wasomaji: Kalamu Zilizoombewa na Mawe Mawili Mfukoni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mabwenini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nikiamini kwamba Neno la Mungu ni kweli, naliishije kati ya Jumatatu na Ijumaa? Maandiko tuliyonukuu ni ya Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wenu mnayo.

*Bwana Yesu asifiwe. Kila mwaka kabla ya mtihani wa taifa, viongozi wa umoja wetu huziombea kalamu na rula zikiwa mezani, kisha tunatamka wote Filipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mwaka jana baadhi ya waliotamka walipata sifuri. Je, Neno limesema uongo?*
— Msichana wa kidato cha nne, Mbeya

Amina, mwanetu. Neno halijasema uongo, limekatwa. Fungua Biblia yako urudi nyuma mistari miwili tu. Paulo anaandika akiwa kifungoni (1:13), anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito (4:18). Katika 4:11 anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, na katika 4:12 anazitaja hali zenyewe: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" ya mstari wa 13 ni hayo. Paulo hasemi kwamba njaa haitamfika, anasema ikimfika haitamvunja. Kwa hiyo aliyepata sifuri, akalia, akajipanga kurudia mtihani bila kumwacha Mungu wake, ameuelewa mstari huo kuliko aliyefaulu akadhani ni kalamu.

Yeremia 29:11 nao umeteswa hivyo hivyo kwenye kadi za kutakiana heri. "Mawazo ya amani wala si ya mabaya" ni maneno ya barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari wa 10, ambao hauchapwi kwenye kadi, unawaambia watakaa huko miaka 70. Kijana aliyeisikia barua hiyo akiwa na miaka 20 angekuwa na 90 siku ya kurudi. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani. Aliyewatangazia kwamba mambo yatakwisha katika miaka miwili alikuwa Hanania, na sura ya 28 inamwita mwongo.

Kabla ya kudai mstari, soma mistari 20 juu yake na 20 chini yake, ujue nani anamwambia nani na wakiwa katika hali gani. Si kazi ya wachungaji peke yao. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Kumbuka pia kwamba katika Mathayo 4:6 Shetani alinukuu Zaburi ya 91 akimtaka Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, na maneno yalikuwa ya Zaburi kweli. Kosa lilikuwa kwenye matumizi. Yesu alimjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16: usimjaribu Bwana Mungu wako. Kuingia chumba cha mtihani bila kusoma huku unatamka ahadi ni kuruka kutoka kinara cha hekalu.

Kuombea kalamu si dhambi. Ila anayeongoza maombi aseme wazi kinachoombwa: utulivu, kumbukumbu ya kilichosomwa, na uaminifu wa mikono.

*Biblia haina amri ya "usiibe mtihani". Rafiki yangu, tena kiongozi wa ibada, anaomba nimwachie karatasi yangu wazi apige chabo. Nikikataa nitakuwa sina upendo?*
— Kidato cha tatu, Machakos

Amri ipo, ila imevaa nguo za sokoni. Kumbukumbu la Torati 25:13–15 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko, kubwa na dogo. Mfanyabiashara aliyekuwa nayo alinunulia jiwe zito ili apate nafaka nyingi, akauzia jiwe jepesi ili atoe kidogo. Kwa macho huoni tofauti, mizani imetulia, kila mtu anaondoka ameridhika, na mmoja wao ameibiwa. Mtihani ni kipimo. Mwakenya, yaani kikaratasi cha majibu kilichofichwa kwenye soksi, ni jiwe la pili, na anayeibiwa ni yule aliyekesha na vitabu na sasa anapimwa kwa jiwe lingine. Mithali 11:1 inaliita jambo hilo chukizo kwa Bwana, neno zito kuliko "kosa".

Kuhusu upendo, Waefeso 4:25 inasema tuseme kweli kila mtu na jirani yake "kwa kuwa tu viungo". Mwambie mapema, siyo ndani ya chumba cha mtihani ambako hofu itakufunga mdomo. Mfuate siku tatu au nne kabla, mkiwa wawili tu: "Sitakuonyesha, lakini leo na kesho baada ya prepu nitakaa nawe saa nzima tupitie mada mbili zinazokusumbua." Kisha kaa naye kweli. Ukikataa bila kutoa msaada, atakuona umejihesabia haki, na pengine hatakosea. Tena mkumbushe kwamba matokeo ya udanganyifu hufutwa, na anayeonyesha huponzwa pamoja na anayeonyeshwa.

Tuongeze jambo ambalo hukuuliza: maabara. Wapo ambao hawawezi kuingia na karatasi kwenye mtihani lakini wanapika namba kwenye titresheni, lile jaribio la Kemia la kudondosha kimiminika kutoka kwenye bureti na kusoma kiasi chake kwa sentimita za ujazo. Wamepata 24.80, wakaona jirani ana 25.10, basi wanaandika 25.10 mara tatu na wastani unatoka safi. Hilo nalo ni jiwe la pili. Andika ulichosoma kwenye bureti. Kama vipimo vyako vimepishana kwa zaidi ya 0.2, rudia, na muda ukiisha acha namba zako kama zilivyo. Mara nyingi zimeharibiwa na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, au faneli iliyosahauliwa juu yake ikadondosha matone.

*Shikamooni. Nimeanza kusoma Biblia kuanzia Mwanzo mara tatu, na mara zote nimeishia Walawi. Tunaamka saa 11 alfajiri na prepu inaisha saa 4 usiku. Nifanyeje?*
— Kidato cha pili, Dodoma

Marahaba. Umeshindwa na hesabu kabla ya kushindwa na uvivu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189 (ya Wakatoliki, yenye vitabu 73, inazidi hapo). Ukisoma sura 3 kwa siku unahitaji siku 397 bila kukosa hata moja. Wiki moja ya majaribio ikipita, una deni la sura 21, na deni ndilo linalowakatisha watu tamaa. Juu ya hapo, kuanzia Kutoka 25 hadi 40, ukiacha sura ya 32 hadi 34, ni mapazia, vitanzi na dhiraa za hema. Yana maana yake, lakini si mahali pa mgeni kuanzia.

Anza na Marko, sura 16. Kwa sura moja kwa siku, siku tano za wiki, unaimaliza ndani ya wiki ya nne. Fuata Matendo, kisha Mwanzo 12 hadi 50. Agano Jipya lote ni sura 260, yaani wiki 52 za siku tano kamili. Jumamosi na Jumapili ni za kulipa deni, na kama huna deni, soma sura ya Mithali ya tarehe ya siku hiyo, maana ziko 31.

Tenga dakika 20. Usiziibe kwenye usingizi, utasinzia darasani na ulokole wako ulaumiwe. Zitafute kwenye foleni ya uji, au kati ya usafi na mstarini. Dakika 8 soma sura mara mbili, ya pili ukiwa na penseli. Dakika 7 andika mistari mitatu kwenye daftari dogo. Wa kwanza ni andiko linasema nini kwa maneno yako, na hapo neno "mimi" lisitokee. Wa pili ni kitu ambacho hukukielewa. Wa tatu ni tendo moja la leo lenye mtu na saa: "nitamrudishia Juma kalkuleta yake kabla ya prepu." "Nitakuwa mwema" haihesabiki, kwa sababu usiku huwezi kujua kama umeifanya. Dakika 5 omba juu ya hayo hayo. Wengi hukosea kwa kuanzia mstari wa tatu. Hapo utajisikia umebarikiwa, na andiko hujalisoma.

Kukariri: mstari mmoja kwa wiki, kwenye kipande cha manila kinachoenea kiganjani. Taja kitabu na sura kabla na baada ya maneno. Urudie siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Kariri na mstari ulio kabla yake, yasikukute yale ya kalamu.

*Biblia yangu inasema Danieli alikula mtama. Ya rafiki yangu inasema mboga. Ipi ni kweli?*
— Kidato cha kwanza, Kigoma

Zote zinatafsiri neno moja la Kiebrania katika Danieli 1:12, lenye mzizi wa "mbegu": vitu vilivyopandwa. Watafsiri wa Union walichagua nafaka iliyozoeleka hapa kwetu, wengine wakaona mboga. Hoja ya sura haibadiliki: hakula posho ya mfalme kwa siku kumi. Tafsiri zikipishana, linganisha mbili au tatu na soma maelezo ya chini ya ukurasa.

Tukiwa kwenye maneno, "kweli" kwa Kiebrania ni *emeti*, kutoka mzizi unaobeba uimara na kutegemeka. Ndugu yake wa Kiarabu ndiye aliyetuletea amana, imani na amini. Kwa hiyo kweli ya Biblia ni kitu unachoweza kukiegemea, zaidi ya jibu sahihi tu.

*Kwenye Biolojia tunafundishwa mageuzi ya Darwin. Nikiandika kwenye mtihani, nimemkana Mungu?*
— Kidato cha nne, Morogoro

Hapana. Danieli huyo huyo alisomeshwa elimu na lugha ya Wakaldayo miaka mitatu, na 1:20 inasema alionekana bora mara kumi. Alijua chote walichofundisha, na alijua ni wapi hatainama. Makanisa hayasomi Mwanzo 1 kwa namna moja: wapo wanaozihesabu siku za saa 24, na wapo wanaoona mpangilio wa kueleza nani aliumba na kwa nini. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950, liliruhusu utafiti juu ya asili ya mwili wa mwanadamu, likishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu. Muulize mchungaji au padri wako msimamo wa kanisa lenu. Kwenye karatasi, swali likisema "eleza", eleza. Anza na "Kwa mujibu wa nadharia ya Darwin", kisha toa hoja zote zinazotakiwa, kwa usahihi, bila kuzidhihaki na bila kuongeza mahubiri mwishoni. Msahihishaji hana alama za kuyapa.