Maswali na Majibu: Dill Pickles Rag kwenye mandolini

Mwalimu, hii Dill Pickles Rag ilitungwa na wakulima wa milima ya Marekani?

Hapana, ni muziki wa mjini tena wa piano, wa mtindo wa ragtime, ambao mkazo wake huangukia pasipotarajiwa; kipande kimoja chake huitwa rag. Aliyeitunga ni Charles L. Johnson wa Kansas City, ikachapishwa mwaka 1906. Siku hizo watu walinunua karatasi za noti wakapige nyumbani kwao, na hii ilinunuliwa mno. Vijijini waliidaka kwa masikio wakaihamishia kwenye nyuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Kessinger Brothers wa West Virginia waliirekodi kwa fidla na gitaa. (Waliitwa ndugu, lakini walikuwa mtu na mpwa wake.)

Kwa nini mandolini inaiweza wakati ilitungwa kwa piano?

Kwa sababu fidla ilishaiweza, na nyuzi za mandolini, chombo kidogo kinachopigwa kwa risha, hufungwa kwa sauti za G, D, A, E sawa na fidla. Ukijua vidole vya fidla, umeshajua vya mandolini.

Nimesikia ragtime ni muziki wa Weusi. Mbona wanaoipiga kijijini huonyeshwa Wazungu tu?

Umesikia sawa, na jambo hili lisifichwe. Ragtime ni ya Wamarekani Weusi. Maple Leaf Rag ya Scott Joplin ilitoka mwaka 1899, kabla ya hii ya Johnson. Na Weusi hawakuishia kwenye piano. Howard Armstrong wa Tennessee, bingwa wa fidla na mandolini, alirekodi mjini Knoxville mwaka 1930 na kundi la Tennessee Chocolate Drops. Kampuni ikauza muziki uleule mara mbili: kwa wateja Weusi kwa jina hilo, kwa Wazungu kwa jina la Tennessee Trio. Masikio hayakubagua, waliobagua ni wauzaji. Ndiyo maana ukipiga rag yoyote, wataje na wanamuziki hawa Weusi.

Sehemu ya kwanza inanipotea kila mara. Nifanyeje?

Tatizo liko mkono wa kulia. Noti zinakwenda tatu tatu juu ya mizani ya nne. Hesabu moja hadi nane, ukitia mkazo kwenye moja, nne na saba. Risha (kidude cha kuchapia nyuzi) ishuke kwenye witiri, ipande kwenye shufwa, bila kuruka. Utaona mkazo wa hesabu ya nne unaangukia risha inapopanda, na wengi huishusha hapo kwa kuizoea nguvu ya kushuka. Usikubali. Zoeza uzi mmoja mtupu kwanza, polepole, mguu ukipiga mizani chini. Vidole vya kushoto viingie baadaye.