Mbita na Ziwa Michigan: kwa anayekwenda kuvua samoni

Ndugu, umeuliza mambo mawili. Unasafiri Julai kwenda Milwaukee, Marekani, kando ya Ziwa Michigan, kwa kaka yako mwenye mashua, na unataka kujua kama ujuzi wetu wa kukokota chambo nyuma ya mashua hapa Mbita, Ziwa Victoria, utakutosha kuvua samoni na trauti. Tena unauliza ununue vifaa gani hapa Nairobi kabla hujaondoka.

La vifaa ni jepesi. Nunua jaketi nzito basi. Fimbo, rili na chambo utavikuta kwenye mashua, na leseni ya uvuvi utakata huko huko, pamoja na stampu ya samoni na trauti ya Maziwa Makuu ya Marekani. Usihadaike na kusikia kwamba Julai kwao ni kiangazi. Alfajiri katikati ya lile ziwa baridi yake ni ya Limuru mwezi huo huo, na upepo juu.

La ujuzi ndilo lililonikalisha niandike. Nimevua mbuta (sangara) miaka kadhaa kati ya visiwa vya Rusinga na Takawiri, na nimekaa misimu miwili kwa shemeji yangu upande wa Wisconsin, jimbo lenye Milwaukee, tukiingia ziwani karibu kila wikendi. Mikono yako inajua kazi. Kitakachokusumbua ni mazoea ya kutafuta samaki kwa kuangalia nchi kavu.

Sisi Mbita tunatafuta mawe. Tunaburura Rapala kubwa, chambo bandia chenye umbo la samaki, kandokando ya kisiwa, pale kina kinapoporomoka, kwa kuwa mbuta hujibanza hapo akivizia. Maji ni vuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayeuliza joto. Tena ziwa letu, pamoja na upana wake wote, ni kama sinia: kina chake kikubwa ni mita 80 na kitu. Michigan inafika mita 281. Kiangazi jua linapasha maji ya juu tu. Yaliyo chini hubaki baridi kama ya friji. Ukishusha kipimajoto unasoma nyuzi 20, 20, 19, halafu ndani ya mita chache inashuka hadi 12, hadi 8. Mpaka ule ndio mawe yako. Samoni wa aina ya Chinook hupenda maji ya nyuzi 7 hadi 12 hivi, na wale samaki wadogo anaowala hukusanyika karibu na mpaka huo. Yeye huwazunguka.

Siku yangu ya kwanza shemeji aliniachia fimbo mbili nizipange nitakavyo. Nikaweka chambo mita 7, kama nyumbani, nikakaa nikiangalia ufuo ulivyojikunja. Saa tatu nzima hakuna hata mguso. Fimbo zake mbili, zilizokuwa mita 21, zilipigwa mara nne. Nilipouliza, alinionyesha kipimo: pale chambo changu kilipokuwa kikipita, maji yalikuwa nyuzi 19. Nilikuwa nimevua asubuhi nzima mahali ambapo Chinook hana sababu ya kupita.

Sasa, utafikaje mita 21 na chambo chepesi cha kijiko, yaani kibati chenye umbo la kijiko? Wao hutumia daunriga. Ni winchi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa mashua, ina waya na tufe la madini ya risasi la kilo 5 hivi. Unaachia chambo kielee mita 5 au 10 nyuma, unabana mshipi kwenye kibanio kilicho kwenye waya, kisha unashusha tufe polepole huku rili ikitoa mshipi. Ukifika kina unachotaka, unakaza mpaka fimbo inapinda kama upinde. Itazame ncha yake. Inatetemeka kidogo kidogo, kwa mpigo mmoja, kufuata chambo kinavyocheza huko chini. Mpigo ukibadilika, kuna jani au kuna samaki mdogo. Samoni akipiga, kibanio kinaachia na fimbo inanyooka ghafla, inasimama wima kufumba na kufumbua, kabla ya kuinama tena kwa uzito wake. Usingoje kuinama huko. Nyakua fimbo inaponyooka, uzungushe rili kwa nguvu mpaka umhisi.

Halafu kuna mwendo. Kilomita 3.5 hadi 4.5 kwa saa ndiyo kawaida, lakini huo ni mwendo wa mashua. Chini kuna mikondo, na mkondo wa chini unaweza kwenda kinyume na wa juu. Angalia waya wa daunriga: ukilala sana kuelekea nyuma, maji ya chini yanakupinga, chambo kinakimbia kuliko unavyodhani, na tufe haliko kwenye kina kinachosomeka. Ukisimama karibu wima, chambo kimezubaa. Mwambie kaka asiende moja kwa moja, apindepinde. Kwenye kona chambo cha ndani hupunguza mwendo na kushuka, cha nje huongeza na kupanda. Fimbo za upande mmoja zikipigwa kila mnapokata kona, samaki amewaambia anataka nini.

Muulize kaka pia upepo wa siku mbili tatu zilizopita. Milwaukee iko ufuo wa magharibi. Upepo wa kutoka nchi kavu husukuma maji moto ya juu kuelekea ng'ambo, na maji baridi hupanda karibu na ufuo. Hapo mnaweza kuvua bila kwenda mbali. Ukivuma wa mashariki, baridi inazama, nanyi mtaifuata nje.

Usimsahau steelhead. Huyo ni trauti yule yule wa upinde wa mvua anayefugwa Kiganjo na kuvuliwa kwenye mito ya Aberdare, ila ziwani anakuwa mkubwa na anaruka kwa hasira. Huvumilia maji ya joto kidogo kuliko Chinook, kwa hiyo fimbo moja iache karibu na juu.

Na Chinook ni mgeni kama mbuta wetu. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Chinook alipandwa Michigan 1967, mwaka mmoja baada ya samoni wa aina ya coho, samaki wadogo waitwao alewife walipokuwa wamejaa ziwa zima. Ndio chakula chake hadi leo. Nilipopasua wa kwanza wangu nilikuta saba tumboni, weupe wa fedha, kila mmoja urefu wa kiganja. Kijiko kilichompata kilikuwa urefu huo huo na rangi hiyo hiyo.

Akikimbia usikaze breki ya rili. Mbuta hutikisa kichwa na kuchoka. Huyu ataondoka na mita 80 za mshipi, arudi, aione mashua, aondoke tena. Wavu umkinge kichwani, kamwe usimfuate mkiani.

Ukirudi, tuandikie hapa ulimpata kwenye kina gani na nyuzi ngapi.