Kuainisha maneno ambatani ya Kiingereza: anza na neno la mwisho

Ndugu, umeuliza kuhusu maneno ambatani, yaani yanayoundwa kwa kuunganisha maneno mawili au zaidi: kwa nini blackboard huandikwa pamoja, mother-in-law kwa vistari, na bus stop kwa kuachanisha, halafu utazitambuaje aina zake kwenye mtihani. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na moja, nakujibu kwa niliyoyaona darasani.

Maandishi yasikusumbue. Kamusi ya Shorter Oxford, toleo la 2007, iliondoa vistari kwenye maneno kama 16,000. Ice-cream likaachanishwa, bumble-bee likaunganishwa. Sura ilibadilika, aina ikabaki ileile.

Tazama neno la mwisho: kwa kawaida ndilo neno kuu, linalotaja kitu chenyewe. Siku moja niliandika ubaoni boathouse na houseboat, nikawaambia vijana wa kidato cha pili watafsiri. Karibu darasa zima likajibu kwamba yote mawili ni "nyumba ya mashua". Nikafunika boat kwa kiganja, ikabaki house: basi hilo ni banda la kuhifadhia mashua. Kwenye la pili nikafunika house, ikabaki boat: hicho ni chombo cha majini ambacho watu wanaishi ndani yake. Wakaelewa papo hapo. Sisi kwa Kiswahili neno kuu tunalitanguliza: batamzinga ni bata, askarikanzu ni askari. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kusema duka la vitabu huandika shop book badala ya bookshop.

Sasa, ukifunika na kilichobaki hakikutajii kitu chenyewe, umekutana na aina nyingine. Pickpocket si mfuko, ni mwizi. Redhead si kichwa, ni mtu mwenye nywele nyekundu. Na yapo machache ambayo pande zote zina uzito sawa, kama singer-songwriter, anayeimba na kutunga.

Hilo pickpocket nalipenda kwa sababu kitenzi kimetangulia, jina likafuata. Breakfast nalo ni hivyohivyo: break ni kuvunja, fast ni saumu. Tazama kifunguakinywa chetu, njia ni ileile! Ila Kiingereza cha leo hakiundi maneno mengi kwa njia hiyo. Kinachozaa sana ni jina kwa jina.

Pia soma kwa sauti. Ukikaza green katika greenhouse, unasema banda la kuoteshea mimea. Ukikaza house, ni nyumba yoyote ya kijani. Usiifanye sheria ya chuma lakini, maana apple pie ni ambatani na mkazo wake uko kwenye pie.

Tahadhari moja kuhusu kiganja changu: kwenye mother-in-law na passer-by neno kuu liko mbele, kwa hiyo s ya wingi hukaa hukohuko mbele, mothers-in-law, passers-by. Wanafunzi wangu wengi wamepoteza alama hapo kwa kuandika mother-in-laws.