Makala haina makaa ya mawe: maneno kwa bandogo wa biro ya kode

Bandogo, wadogo zangu wa kazi, juzi nilipita nyuma ya meza zenu, nikaangalia skrini ya kwanza, nikaangalia ya pili, nikarudi kukaa kwangu nikakunywa maji. Fishi, ile karatasi ya biashara moja, inasema "charbon, Katuba", na mtu ameandika kode 0510. Sifuri tano kumi! Yani kwa macho ya CITI, kitabu cha Umoja wa Mataifa cha kupa kila kazi kode yake, pale Katuba, commune ya Lubumbashi, kati ya kanisa na mwenye kusuka nywele, kuna mgodi wa makaa ya mawe. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, juu miye mwenyewe sina mikono safi kwa hiyo mambo, na wale wa zamani wa biro wanajua kwa nini wananiitaka Papa Luena. Ninyi mnafikiri ni jina la heshima. Haina.

Basi niandike. Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, watu wa Goma na wa kule Bongo mtanivumilia ("haina" yetu ni "si" yenu, "njo" ni "ndiyo", "juu" mara nyingi ni "kwa sababu"), na neno moja tuelewane mapema: kwenu makala ni maandishi ya gazeti, kwetu ni ile nyeusi ya kuweka kwa mbabula (jiko), bukari (ugali) iive. Inatoka kwa mti. Makaa ya mawe yanatoka kwa mwamba. Kifaransa njo kinatuletea shida, juu vyote viwili vinaandikwa "charbon" na mwenye kujaza fishi hana nguvu ya kuongeza "de bois", ya mti.

1. Soma fishi mpaka chini, hata kama ni ya hamsini na ni saa kumi na moja.

2. Uliza toleo na uliza nchi kabla ya kugusa tarakimu ya sita. Yule kijana wa Likasi alinipa 212114 kwa faili ya Kanada, akaniambia "yaya (mkubwa wangu), niliangalia kwa kitabu." Kitabu cha nani? SCIAN, kitabu cha kode cha Amerika ya Kaskazini, wanaigawana nchi tatu, Marekani, Kanada na Meksiko, lakini wanakubaliana mpaka tarakimu ya tano, ya sita kila mtu anapika kwake. Kwa Marekani, toleo la 2022, 212114 ni makaa ya mawe ya kuchimba juu, shimo wazi, na 212115 ni ya chini ya ardhi. Kwa Kanada wanapanga kwa aina ya makaa ya mawe: 212114 ni bituminasi, 212115 ni ile iko chini yake kwa ubora, 212116 ni ligniti, na hakuna mtu anakuuliza kama ulichimba juu ao chini. Namba ileile, kitu kingine kabisa. Na kama faili ya Marekani ni ya zamani, utakuta 212111, juu kabla ya 2022 walikuwa wanatenga hivi: bituminasi na ligniti ya juu ni 212111, bituminasi ya chini 212112, na antrasiti, ile aina ya ubora wa juu kabisa, iko peke yake kwa 212113 kama bibi-arusi, ichimbwe juu, ichimbwe chini, ni palepale. Halafu 2022 wakavunja ule ukuta, antrasiti ikagawanywa na wengine. Kwa hiyo usichukue 212111 ya zamani ukaibandika 212114 ukasema ni mfululizo mmoja. Si mmoja, kuna wageni wameingia ndani. Dada wa Kolwezi aliniuliza kama hiyo kidogo ya antrasiti inabadilisha nini. Inabadilisha jina lako kwa ripoti, dada.

3. Sasa hii ya tatu nilitaka iwe "usiangalie neno, angalia kazi", nimalizie hapo, lakini hamtaelewa bila kisa, na kisa ni changu.

Ilikuwa 2014, Katanga ingali moja, bado haijakatwa vipande vinne. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kwa kazi, ule umri mubaya ambao mtu anajua kode kwa kichwa na anaanza kuwacheka wengine. Akaja kliyenti wa ng'ambo, jina liache, anauza machini za kuchekecha na za kuosha makaa ya mawe. Anataka listi ya biashara zote za Katanga zenye kuweza kununua machini yake. Shefu akaniita: weye njo mwenye kujua CITI, chukua hizi fishi, mimi ninasafiri Kinshasa siku kumi. Fishi mia sita na kitu, zimejazwa kwa mkono na vijana wa kutembea mtaa kwa mtaa.

Nikafika kwa moja ya commune Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, haina ile nchi. Kazi: "charbon, préparation et vente", kutayarisha na kuuza. Chini yake, kwa maelezo: wanachekecha, wanatenga kubwa na ndogo, wanaondoa mavumbi na mawe, wanaweka kwa mifuko. Na kwa mahali pa kazi: "dépôt à ciel ouvert."

Bandogo, moyo uliruka. Fungueni 0510 msome wenyewe: kuchimba chini ao juu, pamoja na kusafisha, kupanga kwa ukubwa, kupanga kwa ubora, kusaga. Fungueni 212111 ya wakati ule: kuosha, kuchekecha, kutenga ukubwa. Na "à ciel ouvert" njo jina la Kifaransa la mgodi wa shimo wazi, kila mtoto wa Lubumbashi analijua, tumezaliwa karibu na kariyeri, machimbo. Kila neno lilikaa kwa shimo lake kama funguo. Nikajipigia makofi peke yangu, kweli, ofisi ilikuwa tupu.

Mtu atasema: haukujiuliza makaa ya mawe yanatoka wapi kwa commune Kenya? Nilijiuliza! Njo ubaya wake. Katanga iko na makaa ya mawe ya kweli, kule Luena, Haut-Lomami, kwa njia ya reli ya kwenda Kamina, na yalichimbwa kwa shimo wazi. Baba mudogo wangu alifanya kazi ya reli, nimekua nikisikia Luena, Luena. Nikasema basi, hawa wanaleta kwa treni, wanatayarisha hapa mjini. Nikajitungia hadithi nzima ili kode yangu isimame. Mjinga angeandika 0510 bila kufikiri. Miye nilifikiri, nikaandika 0510 na maelezo ya mistari minne.

Ya kwanza ikazaa zingine. Nilivyopata fishi nyingine ya "charbon" nikaiweka palepale bila kusoma mbele, juu sasa nilikuwa na sheria yangu. Zikafika ishirini na sita. Biashara ishirini na sita za makaa ya mawe ndani ya mji wa shaba, na miye nikaona ni ugunduzi. Nilimwandikia kliyenti barua moja kwa moja, shefu hayupo, nikasema kuna soko kubwa ambalo halijaguswa.

Akatuma mtu.

Mgeni akateremka Luano, uwanja wa ndege, na kofia ya usalama mkononi, buti za chuma, kamera. Shefu amerudi siku ileile, hajasoma kitu, ananiamini. Tukapanda gari watatu. Tukaingia Kenya, gari ikapunguza mwendo juu ya vijana wa makala wenye kusukuma kinga (baisikeli), kila kinga imebeba mifuko mpaka haumuoni mwenyewe, na miye nikaangalia ile mifuko, majani yametoka juu, kamba imefungwa msalaba, na hapo, bandogo, hapo ndani ya gari, tumbo likageuka. Nilijua. Ningeweza kusema "simama". Sikusema. Nikaomba Mungu depo iwe imefungwa.

Ilikuwa wazi. Mama amekaa kwa kibao, chekecheke kubwa ya waya imeegemea ukuta, mikono myeusi mpaka kwa kiwiko, nyuma yake mifuko, na juu ya mifuko hakuna kitu, hakuna bati, hakuna hema, mawingu tu. À ciel ouvert. Aliandika ukweli mutupu: depo yake haina paa.

Akaniuliza: "Bale bazungu beko banatafuta nini?" Mzungu alikuwa mmoja, lakini shefu alivaa koti na tai. Mgeni, mtu wa adabu sana, akaniomba niulize kwa saa moja wanachekecha toni ngapi. Nikatafsiri. Mama akasema, "Toni? Ulizaka mifuko." Halafu mgeni akaangalia kushoto na kuume, akauliza sehemu ya kuoshea iko wapi. Sikutaka kutafsiri. Shefu akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Tafsiri."

Nikatafsiri. Mama akacheka mpaka akajipiga paja, akaita jirani: "Kuosha makala? Weye mutoto, nani anaoshaka makala? Ikilowana haitawaka!"

Njia ya kurudi hakuna mtu alisema neno. Mgeni alinunua mfuko mdogo, sijui kwa nini, labda huruma. Shefu alinyamaza mpaka biro, akaweka rundo lote la fishi mbele yangu, mia sita na kitu, akasema "moja moja", akazima taa ya koridori akaenda kwake. Nilimaliza Jumatatu asubuhi. Wenzangu walishanipa jina.

4. Kutokana na hayo, utayarishaji. Makaa ya mawe yanaoshwa kweli, na ile kazi inabaki upande wa mgodi, haihamii kiwandani. Wanachanganya maji na unga wa magnetiti (madini ya chuma) mpaka yanakuwa mazito: makaa ni mepesi yanaelea, jiwe linazama, njo hivyo wanayatenga. Kitu bado ni kilekile, kimesafishwa tu. Kode ya Marekani ya kabla ya SCIAN, 1221, ilisema wazi hata kiwanda cha kuosha ambacho hakina mgodi wake kinaingia mulemule. Lakini ukiyaoka mpaka yakawa koki, umetoka kwa B, migodi, umeingia kwa C, viwanda, 1910, na ukiyagandamiza kuwa briketi uko 1920. Wazee wetu wa hapa walijua hiyo tofauti bila CITI: tanuru za shaba za Lubumbashi zilitaka koki, na koki ilipanda treni kutoka Wankie, leo wanaita Hwange, Zimbabwe, ijapokuwa Luena ilikuwa karibu zaidi. Si kila makaa yanakubali kuwa koki.

Peti, ule udongo wa mimea iliyooza wenye kuwaka, ni 0892. Msiniulize tena.

5. Mwenye machini. Kampuni inaitwa kuondoa sterili, udongo na mawe ya bure yenye kufunika, juu ya makaa ya mawe ya mtu mwingine, inapakia, inalipwa, inaondoka. Nyote watatu mmeandika 0510. Makaa si yake! Kwa SCIAN ya Marekani anaingia 213113, msaada kwa mgodi wa makaa. Sawa. Basi mtu mwerevu anasema kwa CITI ni 0990, juu 0990 njo msaada wa migodi. Naye pia ameanguka, juu CITI toleo la nne imeweka kuondoa udongo wa juu na kutayarisha kiwanja cha mgodi kwa 4312, ndani ya ujenzi. Ndiyo, ujenzi, pamoja na wenye kubomoa na kusawazisha viwanja. Miye pia sipendi. Nilibishana na shefu juu ya hiyo kwa mchana mzima na yeye alikuwa anakula. Kutoboa kwa majaribio, hiyo sasa njo 0990. Meza ya kubadilisha kode kutoka SCIAN kwenda CITI iko kwa faili la pamoja, itumieni, lakini mkiona nyota pembeni ya kode simameni, nyota inasema kode imegawanyika.

6. Na makala yenyewe, sasa, juu mmeniharibia wiki. Mwenye kuchoma mulemule porini, kwa tanuru ya udongo, miti ya miombo, yule ni 0220, yuko na wakata miti. Anayechoma kiwandani kwa mitambo, 2011, kemia, msishangae. Anayeuza kwa jumla, 4661, pamoja na mafuta na gesi. Mwenye duka la rejareja, 4773. Mwenye meza sokoni, 4789. Kode tano kwa neno moja, na hakuna hata moja inaanza na 05.

Yule kijana wa Likasi bado anabisha kuhusu ile fishi ya Katuba. Anasema 4789 juu ni sokoni, dada wa Kolwezi anasema 4661 juu kuna mifuko mingi inaenda kwa wenye mikahawa na wale wanauza tena. Wote wawili hawajui, wanasoma kivuli. Nikamwambia kijana chukua taxi uende, umuulize mama mwenyewe: kwa mifuko kumi, ngapi anauzia mtu wa kupika nyumbani, ngapi anauzia mtu wa kuuza tena. Na usivae tai.

Aliondoka saa nne ya asubuhi. Hii ni saa tisa, simu inaita haichukui, na mtu wa parking amesema amemuona kwa njia ya Katuba akiwa amebeba mfuko.