Picha ya Ubongo na Usahaulifu

SWALI: Dada yangu ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Siku hizi husahau chungu jikoni hadi kinaungua, ilhali picha ya ubongo wake ya MRI (inayopigwa kwa mashine ya sumaku) haijabadilika. Je, anajifanya?

JIBU: Hajifanyi, ndugu msomaji. Picha ya kawaida huonyesha makovu, wala haionyeshi jinsi ubongo unavyofanya kazi. Watafiti waliotumia MRI inayofuatilia damu yenye oksijeni, ili kuona sehemu za ubongo zinazofanya kazi, waliwapa wagonjwa zoezi la kujumlisha kila tarakimu wanayoisikia na iliyoitangulia: ukisikia 4 kisha 7, unajibu 11, ikifuata 2, unajibu 9. Hata wagonjwa waliojibu vyema kama watu wenye afya, sehemu za mbele za ubongo wao zilitumika zaidi. Msimlaumu, mwombeni daktari ampime kumbukumbu na umakini.