Kabla fundi hajawasha grenda, lala chini ya gari lako

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Singida. Aliona kipande cha video cha Mustang yangu, gari la zamani la Kimarekani, ikitoka Nala asubuhi, akapenda mlio wake, akaniandikia: "Shikamoo kaka. Na mimi nina gari la zamani la V8, silinda nane. Nimeshanunua katiauti ya umeme ya inchi tatu, fundi anakuja Jumamosi. Niifunge wapi?"

Nimeusoma mara tatu. Miaka minne iliyopita niliuliza swali hilohilo, nikiwa na haraka hiyohiyo, na jibu nililopewa likaniletea siku ambayo mpaka leo sipendi kuisimulia. Leo nitaisimulia, maana kijana ana Jumamosi yake na sitaki iishie pale ilipoishia yangu.

Kwa mgeni wa mambo haya: katiauti ni kipande cha bomba chenye umbo la herufi Y, kinachochomelewa kati ya injini na mafla, lile kopo la kupunguza mlio. Njia moja inaendelea nyuma kwenye mafla kama kawaida. Ya pili ina mlango. Ukiufunga, gari linanguruma kistaarabu. Ukiufungua, moshi unatokea hapohapo bila kupita kwenye mafla, na injini unaisikia yote. Si jambo la jana. Magari ya mwanzoni mwa karne iliyopita yalikuwa nazo, na hata Pontiac kwenye GTO ya 1970 waliweka kitufe chini ya dashibodi cha kulegeza ekzosi, kabla wakubwa wa kampuni hawajakifuta mapema mwaka huohuo.

Langu ni Mustang ya 1967, injini ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, kabureta ya midomo miwili. Kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 200. Nililirithi kwa mjomba wangu, likiwa limekaa Mpwapwa chini ya mabati miaka mingi, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Kulifufua kulinichukua miaka miwili na nusu. Habari hiyo naiacha, sehemu kubwa ni kusubiri vipuri. Siku injini ilipowaka nililia mbele ya watoto wa jirani. Wiki moja baadaye nikaona sauti haitoshi.

Fundi nilimpata kwa sifa za watu. Alizunguka gari mara moja, akasema, "Bosi, hii kazi ya saa mbili." Akapiga jeki, akawasha grenda, akakata bomba pale grenda ilipofika kwa urahisi, yaani karibu chini ya miguu ya dereva. Mdomo wa katiauti ukaelekea pembeni na juu kidogo, kwenye sakafu. Umeme wa mota inayofungua ule mlango akauchukua kwenye waya wa taa kubwa, bila fyuzi, bila rilei, ile swichi ya kubeba umeme mkubwa. Nikalipa laki mbili na nusu, nikabonyeza swichi, mtaa mzima wa Ipagala ukageuka. Nilijiona mfalme. Sikuinama hata mara moja kuangalia kilichofanyika chini ya gari langu mwenyewe.

Dalili zilikuwepo. Zulia lilikuwa la moto chini ya kisigino cha kushoto. Injini ikishapata moto, stata iligoma mpaka nisubiri. Nikibonyeza swichi usiku, taa zilififia kama mshumaa penye upepo. Kila dalili niliipatia maelezo: gari la zamani, jua la Dodoma, betri imechoka.

Kisha ikaja safari ya Kondoa. Ilikuwa Juni, tunakwenda harusi ya binti wa shangazi. Ni kilomita kama 160, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, baridi ile ya Dodoma inayopenya mpaka kwenye mifupa. Vioo vyote vimefungwa. Mke wangu mbele, binti yetu, wakati huo ana miaka sita, amelala kiti cha nyuma ndani ya blanketi. Kuanzia Veyula nikafungua katiauti, barabara ilikuwa nyeupe. Nikaifunga tulipofika Makutupora, au niseme nilibonyeza swichi nikaamini imefunga.

Mayamaya mke wangu akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni baridi. Mbele kidogo akasema anasikia kichefuchefu. Nikamwambia ni kwa sababu hatujanywa chai. Tulipokaribia Chemba mtoto akatapika akiwa amelala, na mama yake alipomwita aliitika kwa sauti ya mbali, macho hayafunguki. Hapo ndipo niliposimama. Nilimtoa na blanketi lake, nikamlaza upepo unapovuma, nikamwita jina lake mara nyingi sijui ngapi. Mimi mwenyewe magoti yalikuwa yanacheza, nikadhani ni hofu.

Lori la vitunguu lilitubeba mpaka hospitali. Daktari alimwekea oksijeni, akatuangalia sisi wawili, akauliza: "Mlilala na jiko la mkaa ndani?"

Nilimjibu hapana, tulikuwa kwenye gari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ni gesi ileile."

Ni ileile kweli. Kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na damu huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyokamata oksijeni. Kila mwaka wakati wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko la mkaa haikuamka, tunasikitika, tunasema watu hawana elimu. Mimi elimu ninayo, na gesi hiyohiyo niliwaelekezea watu wangu chini ya miguu kwa bomba la inchi mbili na nusu.

Binti yetu alipona. Namshukuru Mungu kila ninapoandika sentensi hii.

Gari nililirudisha siku ya tatu, nikiwa peke yangu, vioo vyote chini. Nyumbani nikang'oa zulia. Upande wa chini nikakuta duara la masizi, jeusi ti, upana wa sahani ya chai. Katikati ya duara kulikuwa na tundu la waya ambalo mpira wake ulishaoza zamani. Nikalala chini ya gari na tochi: mdomo wa katiauti unatazama tundu lile moja kwa moja, na kile kipepeo cha ndani, yaani kibati kinachofunga mlango, kimekwama kwa vumbi na masizi, kimeacha upenyo wa kupitisha kidole. Gari zima lilikuwa linanieleza habari hiyo kwa miezi miwili.

Nilikwenda kwa fundi. Sikwenda kugombana, nilitaka ajue, asije akamfanyia mwingine. Alinisikiliza huku anaendelea kufungua nati, akasema, "Si wewe ndiye uliyetaka kelele?" Maneno yale bado yananiuma, na yananiuma zaidi kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila katiauti. Niliporudia, nilifanya kwa mikono yangu, nikimwita mchomeleaji kwa ajili ya moto tu. Nilianza na sakafu, sio bomba. Nililala chini nikiwa na mtu ndani anamulika tochi, na kila nilipoona mwanga nikaziba kwa chuma au nikatia mpira mpya. Mpira wa buti nao niliubadilisha, maana gari likitembea hewa ya nyuma hurudi ndani kupitia hapo. Kama sakafu yako ina kutu, kijana, fedha ya katiauti ni fedha ya sakafu.

Halafu mdomo. Hapa nitarudia mpaka mnichoke: mdomo utazame nyuma na nje, usitazame sakafu, usitazame giaboksi, stata, tairi, bomba la breki wala la petroli. Mimi nimeongeza vipande vya bomba mpaka midomo ikatokea nje ya ukingo wa bodi, kabla ya tairi za nyuma, imeinama kama nyuzi 45. Ukiielekeza chini moja kwa moja, kwenye barabara zetu za vumbi utavuta wingu jekundu mpaka kwenye kabureta na nguo za jirani zilizoanikwa. Na kumbuka kwamba hapa kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mdomo wa kushoto ndio unaopita usawa wa magoti ya watembea kwa miguu na bodaboda. Picha za Wamarekani hazitakuambia hilo. Upande wangu wa kushoto umeinama zaidi ya wa kulia.

Pima pia urefu kutoka ardhini gari likiwa na watu wanne na tanki limejaa. Usipime likiwa tupu gereji. Matuta ya vijijini hayana kipimo kimoja, na katiauti ndiyo itakayogusa kwanza.

Kuhusu saizi: nunua inayolingana na bomba ulilonalo. Bomba la inchi mbili na robo likibeba katiauti ya inchi tatu, kinachobana bado ni lile bomba. Kama pande mbili zako zimeunganishwa kwa bomba la herufi H, katiauti zikae baada ya hilo unganisho. Nguvu usizitegemee sana. Kwenye injini ya kawaida yenye manifoldi (njia za kwanza za moshi kutoka kwenye injini) za chuma cha kusubu, utakachopata ni sauti, na mwenye kukuahidi zaidi anakuuzia.

Ya umeme au ya bolti? Nimefunga za umeme tena, safari hii zina rilei, zina fyuzi, waya zimevishwa soksi ya kuzuia joto na zinatoka moja kwa moja kwenye betri. Nazifungua na kuzifunga kila wiki hata kama sitoki, ili vipepeo visikwame, na baada ya kuzifunga nashuka kuangalia kwa macho. Lakini mtu akiniuliza aanze na ipi, namwambia ile ya sahani na bolti tatu na gasketi. Ni bei nafuu, haina mota, na ukiikaza imefunga kweli. Usumbufu wa kulala chini na spana ni faida, kwa sababu kila ukilala utaona kitu.

Jambo la kabureta watu wengi wanaliruka. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa pwani, hapa inamwaga petroli kupita kiasi, na petroli isiyoungua vizuri ndiyo inayozaa gesi ile kwa wingi. Plagi zangu zilikuwa nyeusi kama mkaa nikazoea. Siku hizi natoa plagi, naangalia rangi, napunguza jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, natoa tena. Ukifungua ekzosi mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kwenda upande wa pili, petroli ikawa kidogo mno, plagi zikawa nyeupe, na hapo unachoma vali. Rangi ya kahawa ya maziwa ndiyo ninayoitafuta.

Na jamani, mjini fungeni. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, alinijia mlangoni na fimbo yake akasema, "Mwanangu, gari lako ni zuri, lakini mimi nalala saa tatu." Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo sijafungua katiauti ndani ya Ipagala. Tunalalamika kwamba watu hawapendi magari yetu, trafiki wanatusimamisha kila mzunguko, na huku sisi ndio tunaoamsha wagonjwa na wanafunzi wa mitihani. Heshima ya gari la zamani tunaijenga au tunaibomoa wenyewe. Ukitaka kulisikia, barabara ya Singida ipo, asubuhi na mapema, vioo chini.

Kwenye dashibodi yangu sasa kuna kipimo kidogo cha kaboni monoksaidi, cha betri. Mke wangu hukibonyeza kukijaribu kabla hajafunga mkanda, na mimi siwashi injini mpaka kilie.

Kijana wa Singida, mwambie fundi wako asubiri. Jumamosi hiyo, badala ya kukata, inua gari, liweke kwenye stendi imara na sio jeki tupu, mweke mtu ndani na tochi, na ulale chini. Nipigie picha kila mahali utakapoona mwanga, na upime kipenyo cha bomba lako. Hiyo katiauti ya inchi tatu usiitoe kwenye boksi kwanza, huenda muuzaji akakubali kuibadilisha.